Mwanangu anasoma silabi vizuri, lakini akiambiwa aandike sentensi yake analia. Nifanyeje?

MamaWatatu_Bombolulu, Jumapili, saa 3:20 usiku

Assalam aleykum wazazi wenzangu na walimu mlio humu.

Mwanangu wa kiume ana miaka sita na nusu, yuko gredi ya kwanza. Silabi hazimsumbui. Ba be bi bo bu, mwa mwe mwi, hata nya nye nyi anazitiririsha. Ukimwandikia sentensi akopi, anakopi vizuri, na mwandiko wake ni mzuri kuliko wa dadake wa gredi ya tatu. Taabu inaanza akiambiwa, "Sasa andika sentensi yako mwenyewe." Hapo mkono unaganda. Anaangalia dari, anachonga penseli mpaka inabaki kipisi, kisha machozi.

Alhamisi waliambiwa waandike jambo analofanya mama nyumbani. Daftari liko mbele yangu sasa hivi, nainakili kazi yake kama ilivyo:

mamaanapekawale

Imepigwa mstari mwekundu kutoka mwanzo mpaka mwisho, na pembeni pameandikwa: "Hakuna sentensi. Rudia mara 10." Sasa mtoto hakujua arudie nini, kwa hivyo alikuwa anaandika vile vile, mara kumi. Nilimkuta sakafuni jikoni, amefika ya saba, karatasi imelowa machozi na penseli imeitoboa. Niliumia sana. Maana mimi nilipoisoma tu nilijua amesema nini. Mama anapika wali. Jumatano nilipika wali wa nazi, na aliyekaa juu ya mbuzi akanikunia ile nazi ni yeye. Ameandika kitu alichokiona na kukifanya kwa mikono yake, halafu anaambiwa hakuna sentensi.

Asubuhi anasoma shule, na huko masomo mengi ni kwa Kiingereza. Alasiri yuko chuoni, yaani madrasa, na ustadhi anamsifu kwa kuandika Kiarabu. Jioni yuko na nyanyake wakati mimi niko nje na karai langu la viazi. Babake ni mtu wa bandarini, wiki hii mchana, wiki ijayo usiku. Pesa za tuisheni ya kila siku hazipo, ila nusu saa usiku ninayo.

Naomba mnisaidie mambo matatu: kwa nini anagandisha maneno, kwa nini anaweka e mahali pa i, na nianzie wapi.

---

Ami_Changamwe, Jumapili, saa 3:51 usiku

Waaleykum salaam dada. Usihangaike. Mnunulie daftari la mistari miwili, kila siku mwandikie sentensi 20 azikopi. Wangu nilimfanyia hivyo muhula mzima na mwandiko ukanyooka. Kuandika ni mazoezi.

---

BiMkubwa_Kuze, Jumapili, saa 4:40 usiku

Waaleykum salaam mwanangu. Nilikuwa naenda kulala, nikaiona hiyo sentensi ya mtoto, usingizi ukaniruka. Nilifundisha darasa la kwanza miaka 31, Kisauni kwanza kisha hapa Kisiwani, nikastaafu 2018, mwaka mmoja kabla darasa la kwanza halijaanza kuitwa gredi. Nimesahihisha madaftari ya watoto wengi mno.

Mwanao ameandika sentensi. Tena nzima. Yupo anayetenda, lipo tendo, kipo kinachopikwa, na kila kimoja kimekaa mahali pake. Ukihesabu, "Mama anapika wali" ina herufi 15. Hesabu na zake. Ni 15. Hajaacha hata moja, zilizobadilika ni mbili tu. Kesho asubuhi kabla hajavaa viatu, mwambie hivyo. Mwonyeshe kwa kidole, herufi moja moja. Mtoto aliyeambiwa hana kitu, kwanza arudishiwe alichokuwa nacho.

Sasa hiyo e. Muulize jina la hii herufi: E. Nina hakika atakwambia "ii". Kutwa anaimba ei, bi, si, di, ii. Basi alipotaka sauti ya i katika "pika", akaenda kuchukua herufi ambayo kila asubuhi anaambiwa inaitwa hivyo. Huyo anafikiri vizuri, ila anafuata majina ya lugha nyingine. Nilikuwa napata watoto kama hao kila Januari. Wanaandika "keti" wakitaka "kiti", ukiwasoma haraka unadhani hawajui kitu.

Dawa yake: ukiwa naye nyumbani, usitaje jina la herufi kabisa. Taja sauti. Na hizo mbili zinazomchanganya, zipe vitu. Chukua kipande cha boksi, upande mmoja andika e umchoree embe. Upande wa pili andika i, kisha chukua punje ya iriki ya kweli, ile unayotia kwenye mahamri, uibandike hapo kwa selotepu, uache kijisehemu wazi. Akikwama ainuse. Nilikuwa na kadi kama hiyo mezani kwangu na kila muhula nilibadilisha iriki. Mtoto akisikia "pi" kwenye "pika" anajiuliza, hii ni ya embe au ya iriki? Wiki mbili zinatosha.

Kugandisha maneno ndiko penye kazi, na hapa nitakaa kidogo.

Sisi tukisema hatuachi nafasi. Sema "mama anapika wali" kwa sauti yako ya kawaida, usikilize. Ni mkondo mmoja. Tena a ya mwisho ya "mama" inagusana na a ya "anapika", hapana hata pumzi katikati. Mtoto ameandika alichosikia. Nafasi kati ya maneno ni jambo la jicho, na jicho halijafunzwa bado.

Tafuta vizibo vya soda, kama kumi, uvioshe. Usiku ukikaa naye, penseli iweke mbali. Mwambie akuambie kitu kimoja kilichotokea leo. Akisema "Paka amelala", mwambie aseme tena polepole, na kila neno aweke kizibo mezani. Paka, kizibo. Amelala, kizibo. Viwili. Pengine ataweka vinne, a-me-la-la, kwa kuwa amezoea silabi. Usimkemee. Mwulize, "Ukimwita mtu umwambie 'me', ataelewa?" Atacheka. Arudishe vizibo mpaka vibaki viwili. Hapo ndipo unachora vistari viwili kwenye karatasi, kimoja kwa kila kizibo, na kati ya vistari aweke kidole chake cha shahada kilale. Kidole kikitoka, pale kilipokuwa ni nafasi. Kisha ndiyo penseli.

Na kabla hajaandika, aseme sentensi mara tatu. Wewe umshikie. Maana mtoto akiwa anatafuta herufi ya p, sentensi inamtoka kichwani, akirudi hajui alikuwa wapi. Hapo ndipo mwanao anapoangalia dari. Ameipoteza, anaitafuta. Usimpe herufi, mpe tu sentensi yake: "Ulisema, paka amelala."

Anza na sentensi za kizibo kimoja. Watu husahau kwamba Kiswahili kinatupa hilo. "Analala." Hiyo ni sentensi kamili, ina mtu, ina wakati, ina tendo, na ni neno moja. "Nimeshiba." "Inanyesha." "Twende." Mtoto akiandika "Nimeshiba" baada ya chakula cha usiku, amemaliza kazi, afungue daftari kesho. Wiki ya kwanza usimpe zaidi ya hapo. Wiki ya pili viwili. Vizibo vitatu vije vyenyewe.

Kuna "na" itakayowasumbua. Ataandika "ana pika". Msimcheke, watu wazima wamejaa kwenye simu wanaandika hivyo kila siku. Mimi niliwafundisha kwa mkono. Nikisema "mama ana kisu", je, kisu naweza kukishika? Naweza. Basi "ana" imesimama peke yake, kizibo chake, na kisu kizibo chake. Nikisema "mama anakata", kukata naweza kukushika mkononi? Siwezi, ni kufanya. Basi yote kizibo kimoja. Wakiwa wakubwa watajifunza majina ya hayo mambo. Wakiwa na miaka sita inawatosha kushika.

Na ustadhi wake anayemsifu, mshukuru. Mtoto wako anabeba maandishi mawili: asubuhi anatoka kushoto, alasiri anatoka kulia. Kule hakuna herufi kubwa na ndogo, na irabu fupi zinakaa juu na chini ya herufi, siyo mstarini. Ikitokea siku akaandika "bb" na kusema ni "baba", usishangae, na usimwache ustadhi alaumiwe. Mchoree mshale mdogo pembeni mwa ukurasa, upande wa kuanzia, basi. Herufi kubwa na kikomo vitakuja mwishoni, akishaweza kutenga maneno. Jambo moja kwa wakati.

Kaka yetu wa Changamwe, kukopi hufunza mkono, na kwako kulifaa kwa sababu shida ilikuwa mwandiko. Mkono wa mtoto huyu uko sawa. Sentensi 20 za mtu mwingine kila siku zitamwambia kwamba maneno yake yeye hayatakikani.

Kalamu nyekundu iondoe nyumbani kwako.

---

Tuktuk_Likoni, Jumatatu, saa 12:10 asubuhi

Bi Mkubwa shikamoo. Mimi si mwalimu, ila nina binti wa PP2, mwaka wa mwisho wa chekechea, na haya ya vizibo nimeyajaribu usiku huu huu, nilivitoa dukani kwa jirani.

Sisi tulianza kwa bahati. Nina kitabu cha risiti kuukuu ninachoandikia mafuta. Kila nikirudi jioni ananiuliza nimebeba nani. Siku moja nikamwambia niandikie wewe. Akaandika "mamanakuku". Kweli nilikuwa nimembeba mama na kuku wake watatu. Tangu siku hiyo kila jioni ana mstari wake mmoja chini ya hesabu yangu ya petroli, na siku nikirudi nimechoka ananifuata nao mpaka msalani.

Jana tulivuka naye. Ameandika "feri imejawatu". Vizibo vimetutoa kwenye kugandisha, sasa anaandika "feri imeja watu". Hiyo a ya pili nimfanyeje? Haisikii.

---

BiMkubwa_Kuze, Jumatatu, saa 1:05 asubuhi

Marahaba baba. Umenifurahisha na hicho kitabu cha risiti, kiendelee.

Hiyo a mbili ipigieni makofi. "Ja" kofi moja, "jaa" makofi mawili. Fanyeni na "ka" na "kaa", "sa" na "saa". Akipiga mawili ajue ni herufi mbili. Na umwambie tofauti ina maana: "paa" liko juu ya nyumba, "pa" peke yake si kitu cha kuchora. Watoto hupenda kuchora tofauti.

---

MamaWatatu_Bombolulu, Alhamisi, saa 3:45 usiku

Bi Mkubwa, Mungu akuweke. Nilimhesabia zile herufi 15. Aliniangalia, akazihesabu mwenyewe tena, akaenda kumwonyesha nyanyake. Iriki ameshaipasua, nimeweka nyingine. Jumatatu ameandika "Nimeshiba", Jumanne "Nimeoga", jana "Sitaki" (hiyo nilimwambia alale).

Sasa nina jingine. Leo amesema mwenyewe anataka vizibo vinne. Akapanga, akachora vistari, akaweka kidole, akaandika:

paka ana mato mawili

Nafasi zote zipo. Lakini "mato". Nyanyake ni mtu wa Mji wa Kale, ndivyo anavyosema, na mtoto amelelewa mgongoni kwake. Mimi nikasahihisha, "ni macho". Nyanyake akanyamaza, akaenda zake chumbani. Nimebaki hapa sijui nimekosea wapi. Shuleni wakiona "mato" watapiga nyekundu.

---

BiMkubwa_Kuze, Alhamisi, saa 4:30 usiku

Kwanza nenda kwa mama mkwe wako ukamsalimu kabla hajalala. Haya mengine yatangoja.

Mimi nimezaliwa nasema mato. Mtele, kitwa, ndia, na ndoo kwa maana ya njoo. Hakuna hata moja katika hayo iliyo kosa, ni Kimvita, Kiswahili chetu cha Mombasa, na watu wameyatungia mashairi tangu zamani za wazee wetu. Ilikuwa 1928, kwenye mkutano uliofanyika papa hapa Mombasa, ndipo Kiunguja kilipochaguliwa kiwe msingi wa Kiswahili cha vitabuni. Uamuzi ulihitajika ili mtoto wa Mombasa na wa Tabora wasome kitabu kimoja, naukubali. Lakini aliyesema mato siku moja kabla hakuwa mjinga, na siku moja baada pia.

Kwa mtoto ni hivi. Siku anayoandika sentensi kutoka kichwani mwake, liache "mato" lisimame. Ulichotaka usiku ule ni nafasi, na nafasi ameweka. Ukimgusa neno lake wakati huo, kesho atatafuta neno ambalo hutaligusa, na hatalipata, ataangalia dari tena. Siku nyingine, mchana, chukueni karatasi mkunje katikati. Upande huu andikeni "kwa nyanya", upande huu "kitabuni". Mato, macho. Mtele, mchele. Ndia, njia. Mwache nyanya ndiye ataje, mtoto aandike. Yule bibi atakupa maneno mpaka karatasi ijae, na mtoto ataona mwenyewe kwamba penye t ya nyanya kitabu mara nyingi kina ch, na penye d kina j.

Lakini usiifanye sheria. Si kila t inageuka. Niliwahi kupata msichana aliyejifunza hilo kwa bidii, akaniandikia "mchocho analia". Alimaanisha mtoto. Tulirudi kwa masikio: nyanya akisema "mato" ulimi wake unagusa meno, akisema "mtoto" haugusi. Mwambie mwanao amtazame nyanyake mdomoni. Atacheka, na atajua.

Akienda shuleni atumie upande wa kitabuni. Watoto wa miaka sita hubadilisha kiatu cha nje na cha ndani mara kumi kwa siku bila kuchanganya.

---

MamaWatatu_Bombolulu, Jumamosi, wiki mbili baadaye, saa 2:15 asubuhi

Nimeona niwaletee hili, maana ni lenu pia.

Karatasi ya "kwa nyanya" na "kitabuni" imejaa pande zote, wameanza ya pili. Mama mkwe amebandika ya kwanza ukutani juu ya kitanda chake. Kule shuleni nilienda nikaongea na mwalimu wake, mtu na mtu, nikamwonyesha vizibo. Ana watoto 58 darasani. Tuliongea vizuri, akaniomba nimkusanyie vizibo, nimempelekea mfuko.

Wiki hii babake yuko zamu ya usiku. Anaondoka mtoto hajarudi chuoni, anarudi mtoto amelala au yuko shuleni. Hawajaonana tangu Jumatatu. Jana usiku mtoto aliomba vizibo, lakini hakutaka nikae naye. Akageukia ukutani. Alipomaliza aliikunja karatasi mara nne, akaiweka chini ya thamosi ya chai ya babake, akalala.

Niliifungua. Naomba anisamehe.

baba ndoo na mahamri

Vizibo vinne vilikuwa bado mezani vimepangwa. Nilishika penseli mkononi, kweli, maana "ndoo" kitabuni ni ya maji. Nikaiweka penseli chini, nikaikunja karatasi kama ilivyokuwa.

Babake amefika saa kumi na mbili alfajiri. Ameisoma amesimama, bado ana buti za kazi. Hakuniuliza kitu, ametoka tena mpaka kwa mama wa barabarani, amerudi na mahamri manane ya moto na mbaazi. Kisha akachukua ile penseli, chini ya maneno ya mtoto akaandika: "Nimekuja. Yako mezani."

Mtoto ameamka, amesoma kwa kidole, silabi kwa silabi, hamri liko mkono wa pili. Alipofika "mezani" akainua kichwa, akayaona yale mengine kwenye sahani. Sasa hivi yuko hapa ubavuni mwangu, anataka karatasi nyingine.